Kabaila wa Vita vya Msalaba aliishije? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi na vijana wote wanaopenda habari za ngome, panga na farasi wa vita. Badala ya kujibu kwa jumla, tumemfuata mtu mmoja aliyeishi kweli, Jean de Joinville wa Ufaransa, kwa sababu maisha ya kabaila huonekana vizuri zaidi ukihesabu fedha zake, chakula chake na watu waliomtegemea. Mapigano yamo pia, ila yalichukua siku chache tu kati ya miaka sita aliyokaa ughaibuni.

## Mambo ya msingi

Vita vya Msalaba vilikuwa vita gani?

Ni safari za kivita ambazo Wakristo wa Ulaya Magharibi walizifunga kwenda Mashariki ya Kati, hasa kwa ajili ya Yerusalemu. Papa Urban wa Pili alitoa wito wa kwanza mjini Clermont mwaka 1095. Yerusalemu ilitekwa mwaka 1099, na Waislamu na Wayahudi wengi waliokuwamo wakauawa. Sultani Salah ad-Din aliurudisha mji mikononi mwa Waislamu mwaka 1187.

Safari tunayoizungumzia hapa huhesabiwa kuwa ya saba, 1248 hadi 1254, chini ya Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa. Jeshi lilikwenda kwanza Misri, si Yerusalemu. Sababu ni ya kijeshi: nguvu ya sultani ilikuwa Misri, kwenye nafaka, kodi na askari wake. Walidhani wakiishika Misri, Yerusalemu ingefuata yenyewe.

Kabaila ni nani? Ni sawa na naiti?

Kabaila ni mwenye ardhi kubwa inayolimwa na watu wengine, nao humlipa kwa mazao, kwa kazi au kwa fedha. Lakini na yeye ana mkubwa wake: ardhi ameipokea kwa bwana aliye juu zaidi, na kwa hiyo anadaiwa utii na huduma ya vita.

Naiti ni askari wa farasi aliyetawazwa rasmi. Kabaila wa kiume alitarajiwa kuwa naiti, lakini manaiti wengi hawakuwa na ardhi ya kutosha. Waliishi kwa kulishwa na kulipwa na kabaila. Juu kidogo walikuwapo manaiti wenye bendera, yaani wanaoongoza manaiti wenzao chini ya bendera yao. Tofauti hii itakufaa utakapofika kwenye swali la gharama.

Kwa nini mmemchagua Joinville?

Kwa sababu alisimulia mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1224 au 1225 katika ngome iliyokuwa juu ya kilima kando ya mto Marne, jimbo la Champagne. Alirithi cheo cha seneshali wa Champagne, yaani msimamizi mkuu wa nyumba na shughuli za mtawala wa jimbo. Akiwa na miaka zaidi ya 80 alisimulia aliyoyaona, na kitabu kikakamilika mwaka 1309. Alifariki mwaka 1317. Anataja bei za vitu, idadi ya watu, maradhi yake na hofu yake, mambo ambayo wengi wa enzi zake hawakuyaona ya maana.

Tena alitoka katika ukoo wa watu wa safari hizo. Babu yake alifia Akka, mji wa bandari huko Palestina. Baba yake, Simon, alikuwa kwenye vita vya Damietta, mji wa Misri, miaka 30 kabla yake. Baba yake mkubwa alifia katika ngome ya Krak huko Shamu, na Jean ndiye aliyeileta ngao yake nyumbani.

Mtoto wa kabaila alijifunzia wapi kazi yake?

Nyumbani kwa bwana mkubwa kuliko baba yake, na somo la kwanza lilikuwa kuhudumia mezani. Mwaka 1241 kulikuwa na karamu kubwa mjini Saumur. Joinville, kijana wa miaka kama 16, alisimama mbele ya bwana wake Thibaut, mtawala wa Champagne na mfalme wa Navarre, akimkatia nyama. Usiidharau kazi hiyo. Anayekata nyama anashika kisu hatua moja kutoka kwa mtawala, mbele ya watu wote. Hapewi mtu asiyeaminika.

Mengine yalikuwa kupanda farasi, kushika mkuki juu ya tandiko, kuwinda, na kutunza vifaa vya naiti aliyemfundisha. Mwaka uliofuata, wakati mfalme akipigana na Waingereza, Joinville anakiri kuwa alikuwa bado hajawahi kuvaa deraya, yaani vazi la chuma la vitani.

## Kufunga safari

Safari iligharimu kiasi gani, na fedha zilitoka wapi?

Swali hili lingestahili kuulizwa kwanza. Fedha ya hesabu ilikuwa livre: livre 1 ni sous 20, na kila sous ni denari 12, kwa hiyo livre moja ni denari 240.

Joinville alipata kwa mwaka chini ya livre 1,000 kutoka kwenye ardhi, maana mama yake alikuwa hai na alishika fungu lake. Hata hivyo alichukua manaiti 9, yeye wa kumi, na wenye bendera walikuwa watatu, yeye mwenyewe akiwamo. Kila naiti alikuja na watumishi, farasi na matumbo ya kulisha. Ili aweze, aliweka sehemu kubwa ya ardhi yake rehani mjini Metz.

Alipofika Kupro na kulipa meli, alibakiwa na livre 240. Baadhi ya manaiti wake wakamwambia waziwazi kwamba asipopata fedha watamwacha. Hawakuwa wasaliti, mtu asiyeweza kuwalisha watu wake hakuwa na haki ya kuwashikilia. Mfalme alimwita, akamchukua katika utumishi wake, akampa livre 800.

Baadaye mjini Akka, mwaka 1250, mfalme alimuuliza anahitaji kiasi gani mpaka Pasaka. Akajibu: 2,000. Mfalme akahesabu kwa vidole. Manaiti watatu wenye bendera, livre 400 kila mmoja, ni 1,200. Zinazobaki 800 ni za farasi wa Joinville, silaha zake, na chakula cha manaiti. Mfalme akaridhika. Hiyo ndiyo bajeti ya kabaila: zaidi ya nusu ni watu.

Aliwaagaje watu wake?

Mwanawe alizaliwa mkesha wa Pasaka ya 1248. Alikaa wiki nzima akila na kucheza na jamaa na watu waliomtii. Ijumaa akawaambia kwamba anakwenda ng'ambo na hajui kama atarudi, hivyo kama yeye amemdhulumu mtu yeyote, mtu huyo aseme, naye atamlipa. Kisha akatoka nje ya kikao ili asiwatie hofu, wakaamua wenyewe nani anadai nini, na akalipa bila kubisha.

Halafu abati, yaani mkuu wa watawa, wa Cheminon alimpa fimbo na mkoba wa hija. Akatembea peku, amevaa shati tu, kwenda kuzuru makanisa ya jirani. Anasema hakuthubutu kugeuza macho kuitazama ngome ya Joinville, asije akalegea moyo kwa ajili ya nyumba ile nzuri na watoto wawili aliowaacha.

Deraya ilikuwa na uzito gani? Ni kweli naiti akianguka hawezi kuinuka?

Si kweli. Deraya ya karne ya 13 ilikuwa vazi la maelfu ya pete ndogo za chuma zilizofumwa kila moja ndani ya nyingine. Vazi lenye mikono na linalofika karibu na magoti lilikuwa na kilo 10 hadi 15 hivi, na uzito uligawanyika mabegani na kiunoni. Chini yake huvaliwa koti nene lililoshonwa tabaka kwa tabaka. Bila koti hilo pete huzuia upanga usikate, lakini pigo huvunja mfupa.

Adui wa deraya ni kutu. Watumishi waliisafisha kwa kuiviringisha ndani ya pipa lenye mchanga.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa joto na hewa, hasa ndani ya kofia kubwa ya chuma iliyofunika kichwa chote, yenye mwanya mwembamba wa kuonea na matundu madogo ya kupumulia. Jioni ya siku ya mapigano ya Mansura huko Misri, Joinville alimvua mfalme kofia ya namna hiyo, akampa yake iliyokuwa wazi usoni, ili apate kupumua.

Farasi walipandaje melini?

Kwa mlango wa ubavuni. Pale Marseille, Agosti 1248, mlango wa meli ulifunguliwa, farasi wakaingizwa ndani mmoja mmoja, kisha ukafungwa na kukalafatiwa kama pipa linavyozibwa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaijua kazi hiyo: ndiyo ile ya fundi wa jahazi anayesindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao. Kalafati mbovu ilikuwa hatari kubwa, maana meli ikiwa baharini mlango wote huwa chini ya maji.

Meli hiyo Joinville aliikodi pamoja na binamu yake, kila mmoja na manaiti wake, jumla 20. Mlango ulipozibwa nahodha aliwaita mapadri waimbe, ndipo matanga yakafunguliwa.

## Vitani

Jeshi lilikula nini?

Mfalme alikuwa ameanza kulimbikiza chakula Kupro miaka miwili kabla. Mapipa ya mvinyo yalipangwa juu ya mapipa mpaka kwa mbali yakaonekana kama maghala. Ngano na shayiri zilirundikwa uwanjani kama vilima. Mvua ikanyesha, nafaka ya juu ikachipua, na rundo likawa kijani. Walipolifunua ili wasafirishe, tabaka la nje lilikuwa limeganda, lakini ndani nafaka ilikuwa salama kama ya jana.

Miezi 18 baadaye, jeshi likiwa Misri na mto Nile ukiwa umezibwa na meli za Wamisri, chakula kiliadimika kambini. Karibu na Pasaka ya 1250 ng'ombe aliuzwa livre 80, kondoo au nguruwe livre 30, na yai moja denari 12. Linganisha na mapato ya Joinville: ng'ombe 12 wangemaliza mwaka wake mzima.

Moto wa Kigiriki ulikuwa nini?

Ni silaha ya moto iliyorushwa na Wamisri usiku kwa mitambo. Wakati huo Wafaransa walikuwa wakijaribu kujenga njia ya udongo kuvuka tawi la mto Nile karibu na Mansura, na Joinville alilinda minara ya mbao iliyowakinga wachimbaji. Anasema ulikuja mbele ukiwa mkubwa kama pipa, na mkia wake mrefu kama mkuki, ukinguruma kama radi, na kuangaza kambi kama mchana.

Minara iliungua. Kila ulipokuja, manaiti walipiga magoti na viwiko chini na kusali, kwa shauri la mwenzao aliyesema kwamba wakibaki mnarani wataungua na wakiuacha wataaibika. Mfalme naye, hemani mwake, aliinuka kitandani na kuomba huku akilia.

Siku ya Mansura ilikuwaje kwa Joinville?

Ilikuwa Februari 8, 1250. Jeshi lilivuka mto alfajiri, na ndugu wa mfalme, Robert wa Artois, akakimbilia mjini na kikosi cha mbele bila kungoja wenzake. Aliuawa humo pamoja na wengi. Kosa lake ni la zamani sana: askari wa farasi kwenye vichochoro vyembamba hana nafasi ya kugeuka.

Joinville alishika daraja dogo nyuma ya mfalme. Mishale ilimjeruhi mahali 5 na farasi wake mahali 15. Aliokota koti nene la askari wa Misri akalitumia kama ngao. Hapo, katikati ya mishale, mwenzake, kabaila wa Soissons, alimwambia kwamba siku ile bado wangekuja kuisimulia vyumbani kwa mabibi. Mapigano yalirudi siku tatu baadaye, na yeye na manaiti wake hawakuweza hata kuvaa deraya kwa sababu ya vidonda.

Ni ugonjwa gani uliomaliza jeshi?

Kwa dalili anazozieleza, ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Nyama za miguu zilinyauka, ngozi ikawa na madoa meusi na rangi ya udongo, kama kiatu cha zamani. Ufizi ulioza na kufura juu ya meno. Vinyozi, ambao ndio waliofanya kazi ya upasuaji mdogo, walikata nyama iliyokufa ili mgonjwa aweze kutafuna na kumeza, na kambi nzima ilisikia vilio.

Wao walilaumu samaki wa mtoni waliokula maiti, kwa kuwa wakati wa Kwaresima hawakula kingine. Sababu halisi ni miezi bila matunda wala mboga mbichi.

## Mateka na fidia

Joinville alikamatwaje, na kwa nini hakuuawa?

Jeshi liliporudi nyuma, Aprili 1250, alikuwa mgonjwa ndani ya mashua mtoni. Alipoona wamezingirwa, alitupa majini kisanduku cha vito na masalia ya watakatifu. Mwislamu mmoja alimkumbatia na kupiga kelele kwamba huyu ni binamu wa mfalme. Haikuwa kweli, ila ilimwokoa, maana mateka wa ukoo mkubwa alikuwa na bei. Mtu huyohuyo alimshika asianguke visu vilipokuwa shingoni mwake. Baadaye, Joinville akiwa na jipu la koo hata maji hayapiti, alipewa kinywaji na akapona kwa siku mbili.

Mabaharia na wagonjwa wengi wasio na jina hawakupata bahati hiyo. Waliuawa. Cheo kiliamua nani aishi.

Fidia ilikuwa kiasi gani, na ilihesabiwaje?

Mji wa Damietta ulitolewa kwa ajili ya mfalme mwenyewe, na livre 400,000 kwa ajili ya watu wake. Nusu ilipwe kabla ya kuondoka. Fedha hazikuhesabiwa moja moja bali zilipimwa kwa mizani, livre 10,000 kwa kila pima.

Zikapungua 30,000. Joinville alitumwa kwenye meli ya Watemplari, watawa wapiganaji waliotunza amana za watu. Walikataa, kwa kuwa waliapa kutotoa amana ila kwa mwenyewe. Akainua shoka kulipasua sanduku, akisema hilo ndilo liwe ufunguo wa mfalme. Ndipo funguo zikatolewa.

Wamamluki waliomwua sultani walikuwa nani?

Walikuwa askari walionunuliwa wakiwa vijana, wakalelewa kuwa jeshi la sultani. Mei 1250, Joinville akiwa bado mateka, walimwua Sultani Turanshah na kushika dola. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni "anayemilikiwa". Ndilo lililotupa neno letu mamluki, ingawa sisi humaanisha askari wa kukodiwa.

## Maisha ya kila siku Akka

Kabaila asiyepigana alifanya nini siku nzima?

Aliendesha nyumba. Kila Oktoba, kabla bahari haijachafuka na bei kupanda, Joinville alinunua nguruwe, kondoo, unga na mvinyo wa msimu wote wa baridi. Mvinyo wa watumishi ulichanganywa na maji. Wa vijana wanagenzi ulichanganywa kwa maji machache. Mezani kila naiti aliwekewa chupa ya mvinyo na chupa ya maji, achanganye mwenyewe.

Fedha aliziweka wapi?

Kwa Watemplari (tazama swali la fidia). Alipolipwa livre 400 alibaki na 40, akaweka 360. Alipotuma mtu kuchukua nyingine, msimamizi akasema hana fedha yake wala hamjui. Alihangaika siku nne, ndipo zikapatikana.

Wanawake walikuwa wapi?

Malkia Margaret alikuwa Damietta, mjamzito, mumewe alipotekwa. Siku tatu baada ya kupata habari alijifungua. Siku hiyohiyo akaambiwa kwamba mabaharia wa Pisa na Genova wanataka kukimbia kwa kukosa chakula. Aliwaita kitandani kwake, akaamuru chakula chote mjini kinunuliwe kwa zaidi ya livre 360,000, akawalisha kwa fedha ya mfalme, na mji haukuachwa. Bila yeye kusingekuwa na Damietta ya kumkombolea mumewe.

## Maswali ya pembeni

Ni kweli waliamini mto Nile unatoka peponi?

Ndiyo. Joinville aliambiwa kwamba wavuvi hutega nyavu jioni na asubuhi hukuta tangawizi na mdalasini ulioanguka kutoka miti ya peponi. Leo twajua maji hayo yanatoka Ziwa Viktoria na nyanda za juu za Ethiopia, na kwamba mafuriko yaliyoichelewesha safari yao mwaka 1249 yalikuwa mvua za Ethiopia. Viungo vilifika Misri kwa biashara ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu.

Alikwenda tena?

Hapana. Mwaka 1267 mfalme alivaa msalaba, yaani aliapa kwenda vitani, mara ya pili na kumsihi waende. Joinville alijibu kwamba alipokuwa ng'ambo, maofisa wa mfalme na wa mtawala wa Champagne waliwanyang'anya watu wake hata wakafukarika. Akitaka kumpendeza Mungu, atabaki kuwalinda. Aliona pia kwamba waliomshauri mfalme aende walitenda dhambi ya mauti. Mfalme alikuwa dhaifu kiasi kwamba Joinville ndiye aliyembeba mikononi mjini Paris, kutoka nyumba moja hadi kwenye makao ya watawa Wafransisko, ndipo wakaagana. Louis alifia nje ya Tunisi, Agosti 25, 1270.